Kuungua Hufundishwa kwa Kupima Hewa

Mwanafunzi wa miaka 13 anayeingia kidato cha kwanza Iringa, au Gredi ya 7 Kakamega, huja darasani akiwa na uzoefu mrefu wa moto. Amewasha jiko la mkaa kwa vijiti na karatasi, amelipepea hadi makaa yakakolea, amepuliza kuni mbichi huku machozi yakimtoka, amesugua masizi kwenye kitako cha sufuria. Ni vigumu kutaja mada nyingine ya kemia ambayo mtoto huijia akiwa na mazoezi mengi kiasi hicho. Hata hivyo, muulize kilo ya mkaa iliyotiwa jikoni asubuhi imekwenda wapi, naye atakuonyesha konzi ya majivu na kusema mwingine umeisha. Mfundishe muhula mzima, kisha umtahini: ataandika bila kosa kwamba kuungua ni kitu kuungana na oksijeni na kutoa joto na mwanga. Mrudishe kwenye ile kilo ya mkaa, na mara nyingi atarudia jibu lake la kwanza.

Majibu hayo mawili hukaa katika kichwa kimoja bila kugombana. Kwa nini somo lililo karibu mno na maisha ya mtoto halimbadilishi fikra? Nasema ni kwa sababu shule humwonyesha moto na kunyamaza kuhusu gesi. Mwanafunzi hutazama kinachong'aa, ilhali kemia yenyewe inatendeka katika hewa inayoingia na gesi zinazotoka, vitu ambavyo havioni wala hapewi nafasi ya kuvipima. Mwalimu akiijenga mada hii juu ya kupima hewa tangu kipindi cha kwanza, mada hufunguka. Na kwa kuwa moto huua, ufahamu huo una thamani inayozidi alama za mtihani.

Mahali pa mada katika mitaala

Kwa miaka mingi muhtasari wa kemia wa Tanzania umeziweka hewa, kuungua, kutu na uzimaji wa moto katika mada moja ya kidato cha kwanza. Muundo wa atomu na fomula husubiri kidato cha pili. Kenya nayo, chini ya mfumo wa 8-4-4, ilifundisha hewa na kuungua kidato cha kwanza. Tangu Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 chini ya mtaala wa umilisi, kemia ya umri huo imeingia ndani ya Sayansi Jumuishi.

Wapo walimu wanaolalamika kwamba mpangilio wa namna hii umegeuza mambo: mtoto ataelewaje kuungua kabla ya kuijua atomu? Lalamiko lina uzito, lakini historia inalijibu. Antoine Lavoisier alieleza kuungua kwa usahihi kati ya mwaka 1772 na 1789, na nadharia ya atomu ya John Dalton ikaja mwanzoni mwa karne ya 19. Lavoisier hakuwa na atomu wala mlinganyo wenye alama. Alikuwa na mizani nzuri na vyombo vilivyofungwa gesi isitoroke. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuielewa mada hii kwanza kwa vipimo, kisha kuieleza kwa atomu mwaka unaofuata. Kasoro ya madarasa mengi ni kwamba mizani haipo mezani, hivyo mwanafunzi hukosa atomu na hukosa vipimo pia, akabaki na kukariri.

Kuziweka kutu na kuungua pamoja nako kulikuwa na hekima ambayo walimu wengi huipita mbio. Kutu ni chuma kuungana na oksijeni polepole, pakiwa na maji. Kwa kuwa haina haraka wala haitoi joto la kutisha, humpa mwanafunzi nafasi ya kupima kile ambacho moto hukificha kwa kasi yake.

Fikra ambazo watoto huja nazo

Watafiti wa elimu ya sayansi wamezichunguza fikra hizi kwa makini. Rosalind Driver wa Leeds, Uingereza, na wenzake walikusanya mawazo ya watoto kuhusu maada na moto katika kitabu chao cha mwaka 1985. Björn Andersson wa Sweden akapanga namna ambavyo vijana hueleza mabadiliko ya kemikali: wapo wanaosema hutokea tu, wapo wanaosema kitu kimehama, wapo wanaosema ni kilekile kimegeuka sura. Walioona vitu viwili vinakutana na kuzaa kipya walikuwa wachache.

Mwalimu wa Tanzania au Kenya atayatambua mawazo hayo mara moja. Kinachoungua hupungua uzito, daima. Moshi na gesi havina uzito. Utambi wa mshumaa ndio unaoungua, na nta ipo ili kuuchelewesha. Oksijeni yenyewe ni kitu cha kuwaka, kama petroli. Chuma hakiungui.

Mawazo haya hayaonyeshi uvivu wa akili. Kila moja limetokana na macho yanayotazama sawasawa. Wanakemia wa Ulaya walioongozwa na Georg Ernst Stahl katika karne ya 18 walifikiri hivyohivyo: walisema kila kinachowaka kina kitu ndani yake, flojistoni, kinachotoka wakati wa kuungua. Wasomi hao walikuwa mahodari, na walishindwa pale ambapo mizani ilisema kinyume. Novemba 1772 Lavoisier alikabidhi Akademia ya Sayansi ya Paris barua iliyofungwa, akieleza kwamba salfa na fosforasi huongezeka uzito zinapoungua. Mwaka 1774 alichoma bati ndani ya chombo kilichofungwa: uzito wa jumla haukubadilika hadi alipokifungua, hewa ikaingia kwa kasi. Mwaka huohuo Joseph Priestley alipata kutoka kwa oksidi ya zebaki gesi iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Carl Wilhelm Scheele alikuwa ameipata mapema zaidi huko Sweden. Lavoisier ndiye aliyeiunganisha gesi hiyo na vipimo vyake na kuipa jina la oksijeni.

Faida ya kisa hiki darasani ni kumpa mwanafunzi heshima. Akiambiwa kwamba wazo lake liliwahi kuwa la wataalamu, na akaonyeshwa kipimo kilicholiangusha, ataliacha kwa hoja. Akiambiwa tu kwamba amekosea, atalificha mpaka mtihani upite.

Majaribio ya mizani

Majaribio matatu yanatosha kuleta mgongano unaohitajika, na yote yanawezekana bila maabara ya fahari.

La kwanza ni mshumaa juu ya mizani. Unawaka, na uzito unashuka. Wanafunzi wanafurahi; ndivyo walivyotabiri.

La pili ni sufi ya chuma, ile laini ya kusugulia sufuria. Chukua kijiti kirefu, kining'inize katikati kwa uzi, funga kwa waya kitita cha sufi kila upande hadi kijiti kilale sawa. Kabla ya kuwasha, kila mwanafunzi aandike upande utakaowashwa utapanda, utashuka au utabaki. Wengi huandika utapanda. Washa kitita kimoja: chuma kitang'ara, cheche zitatambaa ndani yake, na upande ule utashuka. Chuma kimeungua, na kimekuwa kizito zaidi. Hapo ndipo darasa hunyamaza, na mwalimu asiharakishe kuuvunja ukimya huo kwa kutoa jibu.

La tatu ni chombo kilichofungwa: vichwa vichache vya kiberiti ndani ya chupa imara ya maabara inayostahimili joto, mdomo ukiwa umezibwa kwa puto. Pima, pasha moto kutoka nje hadi viwake, acha ipoe, pima tena. Uzito haukubadilika.

Mambo matatu sasa yako mezani: kitu kimoja kilipungua, kingine kiliongezeka, cha tatu kilibaki vilevile. Maelezo pekee yanayobeba yote matatu ni kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachoingia, na kingine kisichoonekana ambacho huweza kutoka, na vyote vina uzito. Mwanafunzi aliyefika hapa kwa miguu yake hahitaji kukaririshwa ufafanuzi.

Kisha zije tarakimu. Nta ya mshumaa ni mchanganyiko, lakini tukichukua molekuli mojawapo ya mfano, C25H52, gramu 10 za nta huchukua takriban gramu 35 za oksijeni na kutoa takriban gramu 31 za kabonidayoksaidi na gramu 13 za maji. Mshumaa hutoa maji mazito kuliko nta yenyewe. Shika glasi kavu yenye ubaridi juu ya mwali kwa muda mfupi, na umande utaonekana ndani yake.

Kabonidayoksaidi nayo hupimwa kwa maji ya chokaa, na hapa mwambao wetu una utajiri wake. Chokaa iliyojenga majumba ya Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni hadi kabonidayoksaidi ikayatoka. Chokaa ya kupakia ukuta hupatikana dukani kwa bei ndogo: ichanganye na maji, iache usiku kucha ituame, chuja, na maji yako safi yatageuka kama maziwa yakikutana na gesi ya mshumaa au na pumzi ya mwanafunzi. Mwalimu ajue tu kwamba chokaa iliyokaa wazi kwa miezi huwa imekwisha kuvuta kabonidayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa unga wa mawe, nayo haitafaa. Anunue iliyofungwa vizuri. Pumzi ikiyageuza maji kama mshumaa ulivyoyageuza, mlango wa biolojia umefunguka: mwili nao huunganisha chakula na oksijeni, ukatoa gesi ileile na maji yaleyale, bila mwali.

Jaribio linalopotosha

Hakuna jaribio la kuungua lililoenea kuliko hili: simamisha mshumaa katika sahani ya maji, uwashe, ufunike kwa glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Vitabu vingi na walimu wengi huhitimisha kwamba maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyotumika, ambayo ni moja ya tano ya hewa.

Hitimisho hilo si sahihi, na nadhani hili ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote ambalo mwalimu wa mada hii anaweza kulisahihisha. Mshumaa huzimika oksijeni ingali nyingi. Hewa iliyobaki bado ina takriban asilimia 16 kati ya zile 21 za mwanzo. Oksijeni iliyotumika imeacha nyuma yake kabonidayoksaidi, ambayo nayo hujaza nafasi na huyeyuka kidogo tu katika maji kwa muda mfupi kama huo. Sababu kubwa ya maji kupanda ni joto. Hewa iliyo karibu na mwali hutanuka, sehemu yake hutoroka chini ya ukingo wa glasi, na mwali ukizimika hewa iliyobaki hupoa na kunywea. Shinikizo la hewa ya nje ndilo linaloyasukuma maji juu.

Wanafunzi wenyewe wanaweza kuivunja hoja ya zamani. Waangalie ni lini maji hupanda: kwa sehemu kubwa ni baada ya mwali kufa, wakati hakuna tena oksijeni inayotumika. Kisha waweke mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Oksijeni iliyomo haijaongezeka, lakini maji yatapanda juu zaidi, kwa kuwa joto limezidi. Darasa linalofanya jaribio hili kwa namna hii hujifunza jambo kubwa kuliko kuungua: kwamba jibu linaloafikiana na tarakimu ya kitabu laweza kuwa si sahihi, na kwamba hoja hupimwa kwa kubadilisha kitu kimoja na kutazama.

Ile moja ya tano ya kweli hupatikana kwa kutu. Osha sufi ya chuma kwa siki ili kuondoa mafuta, isukume ndani ya neli ya majaribio, igeuze neli juu chini katika maji na uiache siku kadhaa. Chuma kitashika kutu, hakitaacha gesi yoyote, na neli itapata wakati wa kurudi kwenye joto la chumba. Maji yatapanda karibu moja ya tano na kusimama. Ingiza kijiti kinachowaka katika gesi iliyobaki, nacho kitazimika: ni naitrojeni kwa sehemu kubwa. Kilichoshindikana kwa moto kimewezekana kwa subira, na mwanafunzi ameipima hewa kwa rula.

Swali la kupuliza

Mwalimu anayetaka kujua kama darasa limeelewa aulize hivi: kwa nini ukipuliza mshumaa unazimika, na ukipuliza mkaa unakolea? Kila mtoto ameyaona yote mawili. Wachache wamewahi kuulizwa.

Jibu liko katika kile kinachoungua. Nta haiungui ikiwa ngumu wala ikiwa majimaji. Joto huiyeyusha, utambi huipandisha, inageuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Michael Faraday alilionyesha hili kwa vijana katika mihadhara yake ya Krismasi kwenye Royal Institution, London, iliyochapishwa mwaka 1861: zima mshumaa, uone uzi mweupe wa moshi ukipanda, sogeza kiberiti kinachowaka kwenye moshi huo, na mwali utashuka kupitia humo hadi kwenye utambi. Pumzi ya mpulizaji huusukuma mvuke huo mbali na kuupoza, basi hakuna kilichobaki cha kuwaka. Mkaa ni kaboni ngumu. Huungua juu ya uso wake wenyewe, na upepo hauwezi kuuhamisha. Huuletea oksijeni zaidi na kuyaondoa majivu yanayoufunika.

Wafua chuma wa Afrika Mashariki waliitumia kanuni hii kwa ustadi mkubwa. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 matanuri ya kale ya Buhaya, Kagera, ambamo hewa ya mvukuto ilipita katika mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri, ikapata joto kabla ya kuufikia mkaa. Mwanafunzi wa Bukoba anastahili kulisoma hili katika kipindi cha kemia.

Rangi ya mwali huingia hapa pia. Mwali wa manjano una chembe za kaboni zisizoungua zinazong'aa kwa joto. Ndizo zinazokuwa masizi. Hewa ikichanganyika vizuri na gesi kabla ya kuwaka, mwali huwa wa buluu na hauachi masizi. Kichomeo alichokisanifu Robert Bunsen huko Heidelberg mwaka 1855, kwa msaada wa fundi wake Peter Desaga, huonyesha yote mawili kwa kufungua na kufunga tundu la hewa. Shule isiyo na gesi ya bomba inaweza kutumia jiko dogo la gesi ya mtungi. Mtoto akijua kuusoma mwali, atajua jiko la nyumbani linapohitaji kusafishwa: mwali wa manjano na sufuria jeusi ni dalili ya hewa isiyotosha.

Jiko la mkaa chumbani

Muhtasari hupenda kutaja kuungua kusikokamilika kwa sentensi moja. Mimi ningelitengea jambo hilo vipindi viwili, kwa sababu hapa kemia inagusa uhai.

Ndani ya jiko la mkaa kuna hatua tatu. Chini, penye hewa nyingi, kaboni huungana na oksijeni kuwa kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda kati ya makaa mekundu yasiyo na oksijeni ya kutosha, huungana na kaboni nyingine na kuwa kabonimonoksaidi. Juu kabisa, ikikutana na hewa mpya, hii huwaka kwa mwali mdogo wa buluu. Wapishi wengi wameuona mwali huo wakati wa usiku. Hewa isipofika, gesi hiyo hutoka jinsi ilivyo.

Haina rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, hivyo kiasi kidogo hewani chatosha kuunyima mwili pumzi. Makete, Njombe na Mbeya hupata baridi kali mwezi wa Juni na Julai; Limuru na Nyandarua vivyo hivyo. Watu hufunga madirisha, huingiza jiko chumbani wakisubiri kwanza moshi uishe, na hulala. Kosa liko katika kusubiri huko. Moshi ni ishara ya vitu vingine. Mkaa uliokolea, usio na moshi hata chembe, ndio unaoitoa kabonimonoksaidi kimyakimya.

Hesabu yaweza kufanywa ubaoni. Lau mkaa ungekuwa kaboni tupu, kilo moja ingehitaji kilo 2.67 za oksijeni ili kuungua kikamilifu, na ingetoa kilo 3.67 za kabonidayoksaidi. Oksijeni hiyo yote inapatikana katika takriban mita za ujazo 10 za hewa. Chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 2.5 kina ujazo huohuo. Kilo moja ya mkaa ingehitaji hewa yote ya chumba kizima, na hatari huwafikia waliolala mapema kuliko hapo. Hakuna kauli ya onyo yenye nguvu kuliko hesabu hiyo ikifanywa na mtoto mwenyewe.

Na ipo hesabu ya mfukoni. Kaboni ikiishia kuwa kabonimonoksaidi hutoa kilojuli 110 kwa moli. Ikifika kuwa kabonidayoksaidi hutoa 393. Moto unaonyimwa hewa kiasi hicho hupoteza zaidi ya theluthi mbili za joto lililolipiwa.

Mvuke unaotangulia moto

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, ukazuka moto. Sachang'wan nchini Kenya ilikuwa imepatwa na msiba wa namna hiyo tarehe 31 Januari 2009, na Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Kila mmoja uliua zaidi ya watu 100. Umaskini ulikuwa na sehemu yake kubwa katika misiba hiyo, na kemia haiwezi kuuondoa. Lakini ingeweza kumpa kijana mmoja katika umati sababu ya kukimbia na kuwaita wenzake.

Sababu hiyo ni ileile ya mshumaa: mvuke ndio unaowaka. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi ili yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli huutoa hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo katika jua la Morogoro hakuna wakati ambao ni salama. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa ardhini, huingia mitaroni, na cheche ya pikipiki iliyo mbali yatosha. Ndiyo maana mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli huifanya taa au jiko kulipuka. Jambo hili lifundishwe kwa mshumaa na moshi wake. Petroli haina nafasi darasani.

Gesi ya mtungi inahitaji uangalifu huohuo, tena sasa. Mkakati wa taifa wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Mamilioni ya jikoni zitapata mitungi. Propani ina tungamo la molekuli 44, butani 58, na hewa wastani wa 29: gesi ikivuja hutuama sakafuni. Mwanafunzi anayelijua hili atafungua mlango kwanza, na hatagusa swichi ya taa. Mlinganyo wa propani, C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O, nao una neno la kusema jikoni: ujazo mmoja wa gesi unataka mitano ya oksijeni, sawa na takriban 24 ya hewa. Dirisha lililofunguliwa ni sehemu ya mlinganyo.

Alama na lugha

Alex Johnstone wa Glasgow alieleza mwaka 1991 kwamba mwanakemia huhama bila kujijua kati ya ngazi tatu: anachokiona, chembe asizoziona, na alama za kuandikia. Mtoto akirushwa katika zote tatu kwa pumzi moja, huelemewa. Mpangilio wa Tanzania unaweza kutumiwa vizuri hapa. Kidato cha kwanza kiwe cha kuona na kupima. Kidato cha pili kije na chembe, mwanafunzi apange shanga au vizibo vya chupa na kuona kwamba hakuna atomu iliyopotea. Alama zifuate kama muhtasari wa kile anachokijua tayari.

Kikwazo kingine ni lugha ya kufundishia. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote, kisha hukutana na mada hii kwa Kiingereza katika mwaka uleule wa mabadiliko. Utabiri, ubishi na maelezo ya majaribio niliyoyataja vyahitaji lugha ambayo mtoto anaweza kufikiri nayo bila kusita. Abishane kwa Kiswahili, kisha aandike kwa Kiingereza atakachotahiniwa. Istilahi si tatizo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990.

Usalama, na mtihani

Kuogopa ajali kumewafanya walimu wengi waifundishe mada kwa chaki peke yake. Hofu hiyo ina msingi. Hata katika nchi zenye maabara bora kumekuwa na maumivu: mwaka 2014 Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanafunzi kuungua katika maonyesho ya moto wa rangi yaliyotumia methanoli. Makosa yalifanana: chupa kubwa ya kimiminika kinachowaka kuachwa karibu na mwali, na kuongeza kimiminika juu ya moto uliodhaniwa umezimika. Mwali wa spiriti karibu hauonekani juani, kwa hiyo taa ya spiriti isijazwe ingali na joto.

Majaribio niliyoyapendekeza yanatumia mishumaa, sufi ya chuma, chokaa na vichwa vichache vya kiberiti. Yanahitaji miwani ya kinga, nywele zilizofungwa, ndoo ya mchanga, ndoo ya maji na mwalimu aliyeyajaribu kabla ya kipindi. Ngozi ikiungua, ipozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20; dawa ya meno na mafuta ya kupikia havina kazi hapo. Na ile kanuni ya pembetatu ya moto, yaani kiungualo, oksijeni na joto, ifundishwe kwa kutoa sababu: sufuria la mafuta linalowaka hufunikwa na jiko huzimwa, kwani maji yakizama ndani ya mafuta hayo hugeuka mvuke wenye ujazo wa takriban mara 1,700 na kuyarusha yakiwaka.

Yote haya yatabaki maneno ikiwa mtihani utaendelea kuuliza ufafanuzi wa kuungua na orodha ya masharti ya kutu. Walimu hufundisha kile kinachotahiniwa, na siwalaumu. Watunga mitihani wanaweza kuibadili mada hii kwa maswali machache. Mshumaa mmoja na mishumaa mitatu chini ya glasi moja: ni wapi maji yatapanda zaidi, na hilo linaonyesha nini kuhusu kutumika kwa oksijeni? Sufi ya chuma imeungua ikaongezeka gramu 0.3, zimetoka wapi? Familia imesubiri moshi uishe kabla ya kuingiza jiko chumbani. Eleza kwa nini bado wako hatarini. Maswali haya hayahitaji vifaa vipya wala bajeti. Hayajibiki kwa kukariri, na mwanafunzi anayeweza kuyajibu ameielewa hewa, na kwa hiyo ameuelewa moto. Yakianza kuonekana katika karatasi za mabaraza ya mitihani, NECTA ya Tanzania na KNEC ya Kenya, mizani zitafika mezani bila waraka wowote kuziagiza, na onyo la jiko la mkaa litakuwa jambo ambalo mtoto wa miaka 14 anaweza kulitetea kwa hesabu mbele ya watu wazima wa nyumbani kwake.